Mzururaji wa Darasa la Sita

Ukikutana na mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 1970, muulize alighani ngonjera gani. Hatakosa ya kukughania. Akija mgeni, ngonjera. Sabasaba, ngonjera. Siku ya kufunga shule wazazi wameketi chini ya mbuyu, ngonjera mbili na kwaya, kisha ndipo hotuba. Mchakamchaka ungeweza kuukwepa kwa kusingizia malaria, lakini ngonjera mwalimu alikupangia nafasi wiki mbili kabla.

Sisi wa Ugogoni tuliringa kidogo, maana Mathias Mnyampala aliyeikuza sanaa hiyo alikuwa mtu wa kwetu Dodoma. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba waieneze siasa ya Azimio la Arusha kwa tungo zao, na Mnyampala, kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, akaitika kwa majibizano ya kishairi: huyu anauliza, yule anajibu, mjinga anaelimishwa. Alifariki mwaka 1969, kabla Ngonjera za UKUTA hazijatoka vitabuni. Vitabu vilipofika shuleni vilipokelewa kama mvua.

Kijiji chetu kilikuwa kimoja cha vile vya Operesheni Dodoma, nyumba zimepangwa kwa mistari, tembe za wazee zimeachwa kule porini. Nyumbani tulisema Kigogo. Kiswahili wengi wetu tulikutana nacho darasa la kwanza, na siasa tukakutana nayo kwa Kiswahili hicho hicho cha kuungaunga. Kipindi cha Siasa kilikuwa cha kukariri. Maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ili tuendelee twahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ukiisahau siasa safi, fimbo. Sidhani kama kuna aliyewahi kuuliza siasa ikichafuka inakuwaje.

Mwaka 1975 tulipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye ndiye aliyefundisha na Siasa, aliviunganisha vipindi viwili vikawa kimoja. Hakutueleza sababu. Aligawa darasa katikati: upande wa madirishani ni Mkulima, upande wa mlangoni ni Mzururaji, na kila upande utunge beti zake wenyewe. Wa mlangoni tukaguna. Katika ngonjera tulizozizoea, mzururaji hupewa maneno ya kipuuzi, na ubeti wa mwisho anaomba radhi na kushika jembe. Nani anataka kuwa huyo?

Wa madirishani walianza kwa kishindo: "Wewe kijana mvivu, wazurura mitaani." Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kipande cha kwanza kina mizani saba badala ya nane." Alihesabu "mvivu" mara mbili, mvi na vu. Mwalimu hakumjibu. Alichukua dasta akagonga meza taratibu, m, vi, vu, mara tatu, akatuambia na sisi tugonge madawati. Darasa zima likagonga. Ikatimia nane. Kisha akauliza kwa nini wameandika "wazurura" wasiandike "unazurura". Tukagonga tena, na kila mtu akasikia mahali ambapo kipande cha pili kingemwagika. Sarufi niliyoipata kwenye yale madawati bado ninayo.

Sharti lake lilikuwa moja, na mpaka leo sijaona somo la uraia linalolipita. Kabla hujajibu ubeti wa mwenzako, simama useme kwa maneno ya kawaida, bila vina, yeye amesema nini. Mwenyewe akikubali kwamba ndivyo alivyosema, jibu. Akikataa, rudia. Kwa watoto wa miaka kumi na miwili hiyo ni adhabu. Ulimi umeshashika jibu kali, nawe unalazimika kwanza kuyabeba maneno ya mpinzani wako mpaka yamfikie salama. Wapo waliorudia mara nne darasa likicheka.

Nasi wa mlangoni, kwa kuwa Mkulima alitusikiliza, tuliona aibu kuendelea na upuuzi. Ilibidi tutafute sababu ya kweli ya kijana kuliacha jembe. Aliyeipata ni binti mmoja wa dawati la nyuma, mpole, ambaye hata kuitikia jina wakati wa mahudhurio ilikuwa kazi. Aliandika: "Karanga nimeziuza, malipo sijayaona." Hakuna aliyehitaji kugonga meza. Kila nyumba kijijini ilikuwa na stakabadhi ya karanga zilizopimwa na kuchukuliwa, imechomekwa ukutani, inangoja fedha.

Wa madirishani walikaa na ubeti ule kipindi kizima. Kumwambia mtu wa namna hiyo kuwa ni mvivu haikuwezekana tena, sharti lilikuwa limewafunga. Mwishowe Mkulima wao alimjibu kwamba hata yeye hajalipwa, kwa hiyo waende pamoja kwenye mkutano wa kijiji, kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya watu. Sheria ya Vijiji ilikuwa ndiyo kwanza imepitishwa mwaka huo, na tulikuwa tumefundishwa kwamba kijiji kina mkutano mkuu na halmashauri yake. Hapo ndipo nilipoelewa vinatumika kufanyia nini.

Tuliighani siku ya kufunga shule. Binti yule alivaa shati la kaka yake na kofia iliyochanika, mikono mfukoni. Alipofika kwenye karanga, wazee walipiga makofi kabla hajamaliza mstari. Kiongozi mmoja wa chama aliyetoka wilayani hakupiga. Baadaye tukiwa tunapanga madawati tulimsikia akiuliza nani aliwatungia watoto maneno yale. Mwalimu akajibu kwa heshima zote: "Ni zoezi la Kiswahili, ndugu. Mizani imetimia." Fedha za karanga hazikuletwa na ngonjera yetu. Zilikuja zilipokuja.

Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya Nguvu Kazi, nilikuwa kijana wa mjini ninayetembea na kitambulisho cha kazi mfukoni, na uzururaji haukuwa tena igizo la shule. Waliokamatwa hawakuulizwa karanga zao zilikwenda wapi.

Miaka ya baadaye somo liliitwa Uraia na Maadili, lilikuwa na kitabu kizuri chenye picha za rangi, na katika mtihani mtoto alichagua herufi ya jibu. Silisemi vibaya. Ila wewe mwalimu unayefundisha uraia, siku moja tu, funga kitabu, gawa darasa katikati, upande mmoja uwe wa mtu ambaye hakuna anayetaka kuwa yeye. Waache watunge wenyewe. Na ubeti wa mwisho usiwaandikie.