Nyumba za Magogo Kando ya Ziwa Saimaa

Kusini-mashariki mwa Ufini liko ziwa Saimaa, kubwa kuliko yote ya nchi hiyo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 4,400, na sisi tuliozoea Ziwa Victoria lenye kilomita za mraba 68,800 twaweza kuliona dogo. Lakini limejaa visiwa kwa maelfu, na fukwe zake hupindapinda hata mgeni asijue ng'ambo ni ipi. Ukingoni, kati ya misonobari na miti yenye gome jeupe iitwayo koivu, zimetawanyika nyumba ndogo za mbao ambazo wenyeji huziita mökki. Nchi nzima inazo zaidi ya 500,000, nayo ina watu wapatao milioni 5.6 tu. Humo ndimo familia za mjini huhamia wakati wa joto, Juni hadi Agosti. Usiku wa Juni hauna giza la maana. Askari wa doria asingehitaji kurunzi.

Si nyumba zote zenye bahati. Wazee hufariki, warithi hukaa mbali, na nyumba iliyofungwa miaka 10 au 15 haina wa kupakua theluji wala kuzibua mfereji wa paa. Warithi wafikapo hatimaye, huwabidi waamue: kuibomoa na kununua nyumba ya kiwandani, au kuiponya ile ya babu. Nionavyo mimi, wanaobomoa aghalabu hukata tamaa mapema mno, kwa maana gogo zuri la msonobari haliozi kwa uzee. Huoza kwa maji yaliyokosa njia ya kutokea.

Maji hayo huanzia chini. Nyumba ya kale hukalia mawe makubwa, na upepo hupita chini ya sakafu. Udongo na majani yakirundikana hadi kugusa ukuta, au mtu akiyaziba moja kwa moja matundu ya upepo kwa kuogopa baridi, gogo la chini kabisa hunyonya unyevu. Fundi hulichoma kwa kisu. Kikigota, ni salama. Kikizama kama katika mkate, hapana budi litolewe. Hapo nyumba huinuliwa kwa jeki, polepole, kona kwa kona, ili vioo visipasuke na milango isipinde. Gogo bovu hukatwa, na jipya huchongwa kwa shoka na patasi hadi likae sawasawa chini ya mwenzake. Kati ya jiwe na gogo hutandikwa gome la koivu, lisilopitisha maji. Kati ya gogo na gogo hushindiliwa nyuzi za kitani, au ile mimea laini itambaayo juu ya mawe ya msituni, kama walivyofanya wazee wao.

Adui mwingine aliletwa kwa nia njema. Katika miaka ya 1960 na 1970 kuta nyingi za kale zilifunikwa kwa karatasi za nailoni na kupakwa rangi za plastiki. Mvuke wa birika, wa nguo mbichi na wa pumzi za watu huingia ukutani, ukakutana na ngozi isiyopumua, ukageuka maji. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja wanaijua habari hii: ukuta wa matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na ukuta humomonyoka.

Kwa hiyo mafundi wa kule huirudia rangi ya udongo mwekundu wenye chuma, ambayo hupikwa kama uji. Maji lita 50 huchemshwa katika pipa juu ya moto wa nje. Hutiwa salfeti ya chuma kilo 2, kisha unga wa rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano, kilo 3 hadi 4, ukikorogwa usifanye madonge. Mwisho udongo wenyewe kilo 8. Hutokota kwa saa kadhaa, na mwenye zamu ya kukoroga haondoki. Rangi hiyo haifanyi ganda. Huchujuka kidogo kidogo mwaka hata mwaka, na ubaya wake ni kumchafua nguo anayeegemea ukuta. Haishiki juu ya rangi ya mafuta. Ile ya zamani sharti ikwanguliwe yote kwanza.

Gogo moja huweza kula likizo nzima, na theluji huweza kuanguka tangu Oktoba. Wenye busara huigawa kazi: mwaka wa kwanza paa na mfereji, wa pili gogo la chini, wa tatu rangi. Lakini mwishoni mwa Juni, sikukuu ya Juhannus ifikapo, shoka huwekwa chini hata kama kona moja bado iko juu ya jeki. Moto huwashwa katika sauna, yaani chumba cha kuogea mvuke, na wote, wazee kwa watoto, hujitupa ziwani.