Ua la Mpangaji: Kosmosi Katika Viwanja vya Magongo

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa, akiisha kuvuka Makupa na kupanda Changamwe, hushika njia iendayo uwanja wa ndege, na katika njia hiyo ndipo penye mtaa wa Magongo. Si mtaa wa mabustani. Ni mtaa wa watu wa kazi: wa bandarini Kilindini, wa reli, wa maghala, na hapo zamani wa kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 kikaacha kusafisha mwaka 2013. Wengi wametoka bara, na wengi ni wapangaji. Hata mwenye nyumba pengine siye mwenye ardhi, kwa maana Mombasa iko desturi ya "nyumba bila ardhi": mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya kiwanja.

Kwa hiyo si ajabu mtu kuuliza, "Nipande nini mahali nisipojua nitakaa mpaka lini?" Mnazi wa asili huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Huo ni mti wa mtu aliye kwake. Lakini liko ua ambalo maisha yake yote, tangu mbegu hata mbegu, huisha katika miezi minne hivi, nalo ni kosmosi.

Ua hili lenyewe ni msafiri. Asili yake ni Mexico. Mbegu zilipelekwa Hispania, na mwaka 1791 mtaalamu wa mimea Antonio José Cavanilles wa Madrid akalipa jina la Kigiriki lenye maana ya utaratibu na pambo. Husimuliwa kwamba Afrika Kusini lilifika wakati wa Vita vya Makaburu, 1899 hata 1902, mbegu zikiwa zimechanganyika na chakula cha farasi kilichotoka Argentina. Na sasa huota lenyewe kandokando ya barabara za huko.

Ziko aina mbili zijulikanazo sana. Moja ina maua meupe, ya waridi na ya zambarau. Ya pili ina maua ya manjano na ya rangi ya chungwa. Hii ya pili huvumilia joto zaidi, basi ndiyo ifaayo pwani.

Wakati wa kupanda wataka kufikiriwa. Sehemu nyingi za Changamwe zina udongo mzito utokanao na mawe ya tabaka, usiofanana na ule wa matumbawe wa kisiwani, nao hushika maji. Mvua kubwa ya Mei huweza kuozesha miche. Yafaa kungoja mvua hiyo ipungue, au kupanda wakati wa vuli, mwezi wa Oktoba, katika tuta lililoinuliwa kidogo. Mbegu hufukiwa kidogo tu, kiasi cha nusu ya ukucha, na huchipua kwa muda wa siku saba hata kumi. Miche ipunguzwe, ibaki futi moja kati ya mmoja na mwenziwe. Ifikapo magotini, ncha ikatwe, ili mmea utoe matawi. Baada ya miezi miwili hivi maua huonekana.

Mbolea nyingi haifai, kwani mmea hujaa majani ukachelewa kutoa maua. Wala haudai maji mengi, na hili ni jambo kubwa mahali ambapo maji mara nyingi hununuliwa kwa madumu. Mengine ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, mwendo wa kilomita zaidi ya 200. Si vema kuyamwaga ovyo. Mmea ukiisha kushika mizizi, maji yaliyooshea mchele au mboga huutosha.

Wenyeji wa pwani watasema kwamba ua lisilonukia si ua. Ni kweli, kosmosi haiwezi kushindana na asumini, wala haitatiwa katika kikuba. Lakini nyuki na vipepeo huifuata, na maboga yaliyopandwa jirani hufaidika kwa nyuki hao.

Maua ya mwisho yasichumwe. Yaachwe mpaka vichwa vikauke, na mbegu ziwe nyeusi, nyembamba mfano wa sindano. Zianikwe kivulini, kisha zitiwe katika bahasha, na bahasha ndani ya mkebe wenye kifuniko, kwani unyevu wa pwani huziharibu upesi. Siku ya kuhama, mpangaji huweza kuuchukua mkebe huo pamoja na vyombo vyake, bila kudaiwa na mwenye nyumba wala mwenye ardhi. Na zile mbegu zilizokwisha kuanguka pale uani huenda zikamwotea mpangaji ajaye mvua ikinyesha.