Mchezo wa kadi tulioutunga Mgololo



Wengi mliotuuliza mazoezi ya kichungaji yalikwendaje huko Mgololo mlitaka habari za baridi. Baridi ipo, tena ya kuingia mifupani. Lakini kilichotushughulisha zaidi katika wiki zile sita ni mchezo wa kadi, na jibu la binti mmoja wa miaka 11 ambalo hadi leo tunabishana juu yake bwenini.

Tulikuwa mafrateri watatu, wote wa falsafa. Kwa msiopajua, Mgololo iko Mufindi, katika jimbo letu changa la Mafinga lililomegwa kutoka Iringa Desemba 2023. Kiwanda cha karatasi kilichojengwa huko miaka ya 1980 ndicho kilichokuza mji. Ukitoka tu kwenye nyumba za wafanyakazi unakutana na misindano na mikaratusi, vilima na vilima. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka mchana, manyunyu yanafuata, na ukirusha mpira haujui umeangukia wapi.

Kazi yetu mojawapo ilikuwa kukaa na watoto wa Utoto Mtakatifu kila Jumamosi. Mwenzetu mmoja alisoma sekondari Dar es Salaam, akaona besiboli pale Azania, shule ambayo Wajapani waliupeleka mchezo huo mwaka 2012. Alikuja na gongo moja, glavu nne na mipira mitatu aliyopewa na rafiki. Tukasema, watoto wa Mgololo mpira wa miguu wanao tayari. Tuwape kitu kipya.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mpira ukipigwa, watoto wote tisa wa timu wanaukimbilia, kama vile Simba na Yanga wanagombea mpira wa kona. Hakuna anayebaki kwenye kituo chake. Mpigaji naye akishapiga anasimama kujiangalia. Kufikia saa tisa mipira miwili ilikuwa imepotea msituni, na wa tatu ulikuwa na maji kuliko sifongo.

Kwa hiyo tukaingia ukumbini, na hapo ndipo wazo la kadi lilipozaliwa. Watoto hawakushindwa kupiga wala kudaka. Kilichowashinda ni kujua wakati wa kukimbia na wakati wa kutulia. Hilo linaweza kufundishwa mezani.

Tulikata kadi kwenye maboksi ya kahawia, tukaandika kwa kalamu nene. Mrushaji ana kadi kumi: nne za Kasi, tatu za Pinda, tatu za Nje. Mpigaji anazo Piga na Subiri. Kila mmoja anaweka kadi yake kifudifudi, halafu zinafunuliwa pamoja. Ukiweka Piga na mwenzako ameweka Nje, umepiga hewa, hilo ni kosa moja. Makosa matatu unatoka. Ukiweka Subiri na yeye ameweka Nje, amerusha vibaya. Mara nne unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Piga ikikutana na Kasi unavuta kadi ya matokeo: labda umefika kituo, labda umedakwa. Pinda nayo ilikuwa na masharti yake ambayo tuliyabadilisha mara tatu, tusiwachoshe nayo. Wakimbiaji ni vizibo vya soda. Anayezunguka vituo vitatu na kurudi nyumbani amepata alama. Watatu wakitoka, mnabadilishana.

Siri ya mchezo ni kwamba kadi ya mrushaji ikishatumika inakaa pembeni mpaka zote kumi ziishe. Anayehesabu anajua kilichobaki. Tulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akirudia darasa, mkimya, hata kusoma somo kwenye ibada ya watoto alikataa. Siku ya pili ya kadi alimwambia mrushaji, "Umebakiza Nje mbili na Kasi moja," akaweka Subiri mara mbili, kisha Piga. Tulitazamana. Tangu siku hiyo watoto walikuwa wakigombania kuwa upande wake.

Wasichana nao walielewa upesi kuliko wavulana. Sababu ni rede. Msichana aliyezoea kusimama katikati akijaza mchanga kwenye chupa huku wenzake wakimrushia mpira kutoka pande mbili hahitaji frateri wa kumweleza hatari ni nini.

Tatizo likaja kutoka nje ya ukumbi. Mama mmoja, mtu wa heshima kigangoni, alitusubiri baada ya misa. "Wanangu mafrateri," alisema, "nasikia mnawafundisha watoto karata. Tena kuna kadi imeandikwa Iba." Ni kweli. Katika besiboli mkimbiaji akichomoka kwenda kituo cha mbele wakati mrushaji hajajiandaa, husemwa ameiba kituo, nasi tukatafsiri bila kufikiri. Tukamwomba radhi. Jioni ile Iba ikafutwa, ikaandikwa Chomoka, na mchezo ukaanza kuitwa kadi, si karata.

Kuhusu karata zenyewe hatukukubali kushindwa haraka hivyo. Tulimweleza mama yule kwa heshima kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo, akajibu ndiyo, akisimulia habari za Mtume Yohane na upinde ambao ukivutwa siku zote bila kulegezwa utavunjika. Katekista, aliyekuwa akisikiliza, akaongeza kwamba kamari ni fedha, na hapa fedha hakuna. Baadaye akatuchekesha kwa kututajia shupaza, kopa, uru na turufu bila kukosea hata moja. Maneno hayo yalitoka kwa Wareno, walewale walioleta Waagustino Mombasa karne ya 16. Mama hakuridhika sana, ila Jumamosi iliyofuata alimleta mjukuu wake.

Sasa tufike kwenye kadi ya Sadaka.

Katika besiboli mpigaji anaweza kuugusa mpira kidogo tu, akijua kwamba yeye atatoka, ili mwenzake aliye kituoni asogee mbele. Mchezo wenyewe huiita sadaka. Tulipoikumbuka hiyo tulifurahi mno, mnajua jinsi mafrateri walivyo. Katekesi imejitengeneza yenyewe! Tukaiandikia kadi yake, na kwa maringo kidogo tukaichorea msalaba.

Wiki ya nne mchezo ulikuwa sare, awamu ya mwisho. Mmoja tu alikuwa ametoka, na kizibo cha kijana fulani kilikuwa kituo cha tatu. Zamu ya kupiga ilikuwa ya dada yake, binti wa miaka 11 ambaye mara nyingi alichelewa kufika na daima alifika na mtoto mgongoni. Kwa hesabu yoyote, Sadaka ilikuwa kadi sahihi. Kaka yake alisimama, "Weka Sadaka! Weka!" Timu nzima ikapokea.

Binti akaigeuza ile kadi kifudifudi pembeni. "Mimi siweki hiyo."

Mmoja wetu akamwinamia, akamweleza taratibu kwamba kujitoa kwa ajili ya wengine ndiko alikofanya Yesu.

"Najua, Frateri," akasema. "Lakini nyumbani ni mimi kila siku."

Akaweka Piga. Akadakwa. Timu yake ikafungwa, na kaka yake hakumsemesha njiani.

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja wetu alisema binti ana haki: sadaka inayoamriwa kwa kelele si sadaka, na Injili ya Yohane sura ya 10 inasema wazi kwamba Kristo hakunyang'anywa uhai, aliutoa mwenyewe. Mwingine akapinga. Katika besiboli halisi mpigaji haamui peke yake. Kocha anatoa ishara, naye anatii. Na sisi je? Tukifika huko Mungu anakotuita, tutaweka mikono yetu katika mikono ya askofu na kuahidi utii. Tutapelekwa parokia tusizozichagua. Je, hiyo nayo si sadaka?

Wa tatu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema tofauti iko kabla ya ishara. Anayetii kocha alikwisha kuulizwa kama anataka kuwa kwenye timu, akasema ndiyo. Sisi tunaulizwa kila mwaka, kwa maandishi. Binti yule nani alimuuliza?

Hatukufikia mwafaka. Yule wa pili bado anaona kwamba mtoto pia hujifunza kujitoa kwa kuzoezwa kabla hajaelewa, kama tulivyopiga magoti kabla ya kujua kwa nini. Hatuwezi kusema amekosea kabisa.

Tulipanga kwenda nyumbani kwa binti kuzungumza na wazazi. Katekista akatushauri tuende kama tunavyokwenda kwa wengine, tusiende na hotuba. Tukaenda. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kitalu cha miche, miguu ina udongo. Baba anafanya kazi mbali. Alitukaribisha chai na viazi, akacheka na mtoto mdogo, akamshukuru binti yake mbele yetu kwa kazi ya siku ile. Tuliondoka bila hotuba, tukiwa tumekwisha kuona kwamba tulikuwa tukitafuta mkosaji ambaye hayupo.

Kilichokuwa mikononi mwetu ni sheria za mchezo tu. Tukatangaza kwamba hakuna anayeruhusiwa kutamka neno Sadaka kabla kadi haijafunuliwa. Timu itakayotamka inaandikiwa kosa. Kaka yake binti alikuwa wa kwanza kuandikiwa, mara mbili siku moja. Sheria ya pili haikutoka kwetu. Kijana yule wa kuhesabu aliinua mkono, akapendekeza kwamba aliyeweka Sadaka asiweke tena mpaka kila mmoja wa timu yake awe ameweka. "Iwe zamu," alisema.

Mchezo ulinoga zaidi. Mrushaji sasa ilimbidi ahesabu si kadi zake tu, bali pia nani kwa wapinzani bado ana deni la zamu. Jumamosi ya mwisho tuliwasimulia watoto wa Lugazi, Uganda, waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, na wakaifunga timu ya jimbo la Oregon 3 kwa 2. Swali la kwanza likawa kama walikuwa na sheria ya zamu.

Binti hakuiweka Sadaka hata mara moja hadi tunaondoka. Alipewa zamu, akakataa, na kwa sheria ile ya kijana timu yake nzima ikakwama bila Sadaka. Walinung'unika, lakini hawakupiga kelele.

Kadi tuliziacha kwa katekista ndani ya kopo la biskuti. Wiki iliyopita ametutumia ujumbe kwamba Kasi mbili zimepotea na Sadaka moja imelowa. Tumemjibu akate nyingine kwenye boksi la sabuni, na ile ya Sadaka asiichoree msalaba safari hii.