Picha Nyeusi na Nyeupe za Watoto Wetu: Usimpoteze Gizani, Usimpaushe



Natumai wale waliokesha wakikaanga visheti vya Idi sasa wamepumzisha mikono. Kila baada ya Idi, na kila msimu wa harusi ukianza, simu yangu hujaa picha za watoto na swali lile lile. Mmoja huniuliza, "Dada, mbona mwanangu nikimgeuza nyeusi na nyeupe anakuwa giza tupu?" Mwengine naye, "Wangu amepauka kama aliyepakwa unga, nimfanyeje?"

Mimi kazi yangu ni kupiga picha harusini, upande wa wanawake. Biharusi wengi siku hizi huniomba picha chache za watoto wa familia ziwe nyeusi na nyeupe, na sababu yao ina maana. Ukumbini kuna taa za buluu na za waridi, maua ya plastiki, mapambo ya dhahabu, na kila rangi inapiga kelele. Ukiondoa rangi zote, unabaki na uso wa mtoto na macho yake. Najua pia kuwa wapo kati yetu wanaofuata kauli ya wanavyuoni wasioruhusu picha. Nawaheshimu, na leo sikuja kubishana nao. Nazungumza na wale ambao picha tayari zimo ndani ya simu zao.

Kamera haimjui mtoto wako

Tuanze hapa, maana ukilielewa hili, nusu ya kazi imekwisha. Kamera, hata ya simu, haijui kuwa mbele yake kuna kanzu, buibui au ukuta. Inapima tu mwanga unaorudi, na inadhani kila kitu kikichanganywa pamoja ni kijivu cha katikati. Ndiyo maana wapiga picha hutumia kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipiga: hicho ndicho kijivu ambacho kamera hukitafuta.

Sasa fikiria mtoto wa kiume asubuhi ya Idi. Kanzu nyeupe, kofia nyeupe, na nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe kila upande, inasema mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inageuka kijivu, na uso wa mtoto, ambao ndio tuliokuja kuupiga, unazama.

Mgeuze sasa. Kitoto kichanga kimepakatwa na mama aliyevaa buibui, wamekaa mbele ya mlango wa mbao uliokolea. Kamera inaona weusi mtupu, inaongeza mwanga, na uso wa kitoto unaungua ukawa doa jeupe lisilo na pua wala shavu.

Kwa hiyo picha ya kwanza inahitaji uongeze mwanga, na ya pili inahitaji uupunguze. Wengi wetu hufanya kinyume, kwa sababu akili inatuambia penye nguo nyeupe tayari pana mwanga wa kutosha. Kwenye simu, gusa uso wa mtoto, usiguse kanzu. Utaona alama ndogo ya jua imetokea pembeni. Isogeze juu au chini mpaka uso ufanane na unavyouona kwa macho yako, ndipo upige.

Picha ya khalati yangu

Nitakuambieni kwa nini jambo hili naliona zito kuliko linavyoonekana.

Bibi yangu alikuwa na mabinti watatu. Wa katikati, khalati yangu, alifariki akiwa na umri wa miaka tisa. Imebaki picha yake moja tu duniani, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, iliyopigwa kwenye harusi ya jirani na mgeni mmoja aliyekuwa na kamera yake mwenyewe. Ndani yake wamesimama watoto wanne mbele ya baraza, juani. Watatu ni weupe, nyuso zao zinaonekana hadi vishimo vya mashavu. Khalati alikuwa mweusi, na amesimama mwisho, penye kivuli cha paa. Kinachoonekana kwake ni gauni, macho, na meno kidogo kwa sababu alikuwa akicheka.

Bibi alikuwa akiitoa picha ile sandukuni, anaweka kidole pale penye giza, anasema, "Huyu hapa." Sisi wajukuu tulikuwa tukiitikia kwa adabu. Yeye alimwona kwa sababu alimzaa. Sisi hatukuona mtu.

Nilipoanza kazi hii niliipeleka ile picha kwenye mashine ya kunakili, nikaikuza, nikakaa nayo siku nyingi. Niliinua vivuli pole pole. Ukatokea mstari wa taya, kisha upande mmoja wa shavu, kisha sikio lenye kipuli. Hapo ikasita. Negativu yake haipo, na kwenye karatasi, pale palipokuwa peusi kabisa hapakuwa na kitu cha kuinua. Ukiendelea kuvuta unapata vumbi na mikwaruzo.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kurekebisha picha, na inafaa hata kwa simu ya leo: kivuli chenye kitu ndani yake unaweza kukifungua, lakini peusi patupu hapafunguki, na peupe patupu hapana kitu cha kurudisha. Mama yangu, ambaye ni mdogo wake, aliangalia kile kipande cha shavu muda mrefu. Akasema, "Alikuwa na uso kama wa binti yako." Hayo ndiyo tuliyopata, alhamdulillah, na hatukupata zaidi.

Si kwamba picha za zamani zote zilikuwa hivyo. Hapa kwetu Unguja, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, imetuachia picha nyeusi na nyeupe za watu wa kila rangi, na nyuso zao zinasomeka. Kwa hiyo tusiseme ngozi nyeusi haipigiki. Inapigika, ikipewa mwanga wake. Lakini viwanda vya picha havikuitengenezea vipimo. Kwa miaka mingi Kodak iligawa kwa maabara za picha za rangi kadi za kupimia rangi ya ngozi, na aliyekuwa juu ya kadi hizo alikuwa mwanamke wa Kizungu. Zilijulikana kwa jina la Shirley. Aliyefanana na Shirley alitoka vizuri. Asiyefanana naye alitegemea bahati na mkono wa fundi.

Namna ya kurekebisha

Haya, shika simu yako. Programu kama Snapseed au Lightroom zinatosha, na toleo la bure linafanya yote nitakayoyataja.

Usianze kwa kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Anza na mwanga ikiwa bado ya rangi, kwa sababu hapo jicho lako linaijua ngozi ya mwanao. Uso ukikaa sawa, ndipo uondoe rangi.

Ukishaiondoa, tafuta sehemu mbili za kupimia. Ya kwanza ni weupe: vitundu vya kofia ya mkono, au darizi ya shingoni mwa kanzu. Vikionekana, weupe wako ni mzima. Vikipotea, punguza mwanga mkali peke yake, usipunguze picha nzima, maana utauzamisha na uso. Ya pili ni weusi: nyusi, na pale nywele zinapokutana na paji la uso. Nyusi zikiwa zinaachana na ngozi, weusi wako ni mzima. Zikimezwa, inua vivuli kidogo kidogo.

Halafu kontrasti, yaani umbali baina ya weusi na weupe. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Picha inaonekana imepoa, wanaisukuma kontrasti hadi mwisho. Kumbukeni inavyofanya kazi: inachukua vilivyo juu ya katikati inavipandisha, na vilivyo chini ya katikati inavishusha. Mtoto mwenye ngozi iliyokolea yuko chini kidogo ya katikati, basi yeye ndiye anayeshushwa. Kanzu inang'ara, mtoto anatoweka. Ongeza kidogo, kisha rudi uinue vivuli na yale ya katikati mpaka uso upumue.

Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer, karibu na mwaka 1940, walipanga ngazi za mwanga kutoka sifuri, ambayo ni nyeusi tupu, hadi kumi, nyeupe tupu. Ngozi nyeusi waliiweka ngazi ya tano, katikati kabisa, na ngozi ya Mzungu aliye juani ngazi ya sita. Iliyokolea sana inaweza kushuka hadi ya nne. Lakini angalieni: makao yake ni katikati. Ikiangukia ya pili au ya kwanza, kosa ni la picha, si la mtoto.

Kuna na siri nyengine. Programu nyingi zikigeuza picha hukupa uchague kichujio: chekundu, cha rangi ya chungwa, cha kijani, cha buluu. Ngozi ya binadamu, ya kahawia au nyeupe, ina wekundu ndani yake. Kichujio chekundu kinaifanya iwe nyepesi na kinaficha vipele na alama za mbu. Cha buluu kinaikoza na kutoa kila doa. Cha chungwa mara nyingi kinatosha kwa watoto.

Na mwisho, usiufute mng'aro wote usoni. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'aro: juu ya shavu, ncha ya pua, kidevuni. Mng'aro mlaini ndio unaomfanya mtoto aonekane mviringo. Ukiwa mkali kwa ajili ya jasho au mafuta, mfute kwa leso kabla ya kupiga.

"Mng'arishe kidogo"

Mama mmoja aliniletea kazi ya mabinti zake wawili, mmoja mweupe na mwengine mweusi. Picha zilikuwa nzuri. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mdogo mng'arishe kidogo, afanane na dada yake." Mtoto alikuwa amekaa pale pale, ana miaka saba, anachezea ushanga wake. Alisikia. Aliacha ushanga.

Sikumjibu mama mbele yake. Usiku nilifanya matoleo mawili. La kwanza nilimpandisha kama nilivyoombwa, na la pili nilifungua vivuli upande wake tu, mpaka nyusi, kope na kishimo cha kidevu vikaonekana, ngozi yake ikabaki pale pale ilipoumbwa. Nikampelekea mama yote mawili bila maelezo. Akanipigia simu. "La kwanza simjui," alisema. "La pili ni mwanangu."

Shoga zangu, hapa ndipo tofauti ilipo. Kuna kumtoa mtoto gizani, na kuna kumbadilisha. Katika Suratur Rum, Mwenyezi Mungu ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara Zake. Sasa mimi nani, na kidole changu kwenye kioo cha simu, niifute ishara? Na mabiharusi mnaonisoma, mnajua wenyewe mkorogo unaanzia wapi. Hauanzii dukani. Unaanzia siku msichana wa miaka saba anapoona kuwa picha yake ilihitaji kurekebishwa na ya dada yake haikuhitaji.

Kabla hujabonyeza

Watoto wa rangi mbalimbali wakiwa pamoja, mweke aliyekolea karibu zaidi na mwanga, mlangoni au dirishani. Wapige kuanzia saa kumi na nusu alasiri, au wakalishe barazani penye kivuli cha wazi. Tandika shuka nyeupe miguuni mwao irudishe mwanga usoni kutoka chini. Msichana mwenye gauni jekundu usimsimamishe mbele ya majani mabichi, kwa sababu rangi zikiondoka, nyekundu na kijani zinaweza kuwa kijivu kile kile, na gauni likaungana na mti. Na kabla ya yote sema mashaallah.

Ukishamaliza, ihifadhi ile ya asili, usiifute. Kisha chapisha moja kwenye karatasi, uandike nyuma kwa penseli jina la mtoto, la baba yake na mwaka. Simu huanguka baharini, na sanduku la bibi bado lina nafasi. Iwe picha ambayo mjukuu akiishika hatohitaji kuwekewa kidole ili ajue nani yuko wapi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awarehemu waliotutangulia, na awafanye hawa waliopo vitulizo vya macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.