Mwalimu Mlangoni pa Jimu

Mpenzi msomaji, mwanafunzi wangu,

Juma lililopita tulizungumzia msamiati wa uchaguzi: kura, mgombea, sanduku, matokeo. Leo nilikusudia tuendelee na msamiati wa mabaraza, lakini nimeona niuweke kando kwanza. Kuna jambo linalonidai, nami nisipolieleza sasa nitaendelea kukufundisha nikiwa na deni.

Kwa miaka kumi na mmoja nimefundisha Kiswahili hapa Kigali. Wanafunzi wangu ni watu wazima: wahudumu wa hoteli, madereva, maofisa, wafanyabiashara wa mpakani. Tangu Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, wengine huja kwa sababu ya kazi, wengine kwa mapenzi tu. Kila muhula huwaambia maneno yale yale: "Semeni. Kosea, lakini sema. Lugha haijifunzwi kwa mdomo uliofungwa." Huyasema nikiwa nimesimama mbele, chaki mkononi, mahali ambapo mimi ndiye ninayejua. Sikuwahi kujiuliza ni lini mara ya mwisho mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa jambo lolote. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Mambo yalianza Jumapili moja mwaka jana. Huenda unajua kwamba tangu mwaka 2016 Jiji la Kigali huwa na siku isiyo na magari. Siku hizi hufanyika Jumapili mbili kwa mwezi: baadhi ya barabara kuu hufungwa asubuhi ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli bila kuogopa magari. Vilevile hutolewa huduma ya kupima afya bila malipo. Sikutoka nyumbani kwa ajili ya mazoezi. Nilitoka kununua maziwa. Niliona foleni fupi ya watu wanaopimwa, nikajiunga nayo kwa udadisi.

Muuguzi alinifunga kitambaa mkononi, akatazama namba, akanyamaza. Akaniambia nipumzike kidogo, kisha akapima tena. Ilikuwa 162 juu ya 98. Akanieleza kwa upole kwamba ikifika 140 juu ya 90, na ikarudia kuwa hivyo siku nyingine, huhesabiwa kuwa ni shinikizo la juu la damu. Akanisihi nimwone daktari juma lile lile.

Nina umri wa miaka 47. Mama yangu alipatwa na kiharusi kule Ujiji akiwa na miaka 55. Ninaujua mkono wa kuume unavyokuwa unapokataa kushika kikombe cha chai. Niliyabeba maziwa yangu hadi nyumbani, nikayasahau mezani mpaka yakaharibika.

Daktari alinipa mambo matatu: vidonge vya kila siku, amri ya kupunguza chumvi, na mazoezi. Alinitajia kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima: angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Vidonge nilivikubali mara moja. Chumvi niliiacha kwa shingo upande. Kutembea nilianza polepole. Lakini mazoezi ya misuli niliyaahirisha kwa miezi miwili, ingawa ukumbi wa mazoezi, ule ambao vijana huuita jimu, uko mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani kwangu.

Nitakueleza ukweli, kwa kuwa nimekuahidi ukweli. Nilipita mbele ya mlango ule mara tatu nikiwa nimevaa raba. Mara ya kwanza nilijifanya ninapokea simu. Mara ya pili niliingia duka la jirani nikanunua kalamu ambayo sikuihitaji. Mara ya tatu nilisimama dirishani, nikaona vioo ukuta mzima na vijana wenye mikono minene kama mapaja yangu, nikarudi nyumbani kusahihisha madaftari.

Nilikuwa naogopa nini? Vyuma havikunitisha. Niliogopa kuonekana sijui. Mwalimu huzoea kutazamwa akiwa anajua. Kutazamwa ukiwa hujui ni kazi nyingine kabisa, na mimi kazi hiyo nilikuwa nimeiacha miaka mingi nyuma.

Siku niliyoingia hatimaye, nililipia siku moja tu, maana nilitaka kubaki na njia ya kutorokea. Msichana wa mapokezi alinitambua akanisalimu kwa furaha, "Mwarimu!", nami nikatamani ardhi ipasuke. Nilipanda mashine ya kukimbilia nikashindwa kuiwasha. Badala ya kuuliza, niliinama nikafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena. Mimi huyo huyo ninayeandika ubaoni kila muhula kwamba kuuliza si ujinga.

Kisha nikafanya kosa kubwa zaidi. Kijana mmoja alikuwa ameweka chini chuma alichokuwa akinyanyua, nami nikakiendea kana kwamba ndicho nilichokijia. Nikabana pumzi, nikavuta. Kilipanda mpaka magotini, nikasikia sauti nyuma yangu:

"Mwalimu, acha kwanza. Mugongo yako iko inapinda."

Alikuwa mkufunzi wa ukumbi ule, mzaliwa wa Bukavu. Nawe, mwanafunzi wangu hodari, bila shaka umekwisha kuona kilichonitokea akilini. Katika Kiswahili sanifu tunasema "mgongo wako unapinda", kwa sababu mgongo ni wa ngeli ya U-I. Yeye alisema kama wanavyosema kwao, Kiswahili cha Kivu, chenye kanuni zake na mamilioni ya wasemaji wake. Amini usiamini, mdomo wangu ulikwisha funguka kumsahihisha. Chuma bado kilikuwa mikononi, na mgongo ulikuwa umepinda kweli. Mimi nilikuwa na haki kuhusu ngeli, yeye alikuwa na haki kuhusu mgongo, na ni moja tu kati ya hayo mawili lililoweza kunifikisha hospitalini.

Nikanyamaza. Nikakiweka chuma chini.

Hakucheka. Hakuuliza kwa nini nimechukua uzito nisiouweza. Aliuliza kama nina ugonjwa wowote, nikamweleza habari ya presha. Akaniambia kwamba kubana pumzi wakati wa kunyanyua hufanya presha iruke ghafla, kwa hiyo kwangu mimi kanuni ya kwanza ni kupumua: natoa pumzi ninaponyanyua, naingiza ninaposhusha. Kisha akaniletea mpini wa ufagio. Siku ile nzima sikugusa chuma kingine. Nilijifunza kuchuchumaa hadi kwenye benchi na kusimama, mpini ukiwa mabegani, mara kumi, nikapumzika, mara kumi tena.

Jambo lililonishangaza nililigundua siku ya tatu. Makosa yangu yalikuwa mengi: mabega yalipanda, magoti yaliingia ndani, visigino viliinuka. Yeye aliyaona yote, lakini kila siku alisahihisha moja tu. Siku ya kwanza pumzi. Siku ya pili bega. Siku ya tatu goti. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwamba mtu akiambiwa makosa matano kwa pamoja, hurudi nyumbani na jambo moja tu: aibu.

Alinionya pia mapema kwamba misuli itauma, na kwamba mara nyingi siku ya pili huuma kuliko ya kwanza, kisha maumivu hupungua. Kweli, nilishuka ngazi za shule nikiwa nimeshika ukuta. Kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa, sikuogopa. Lakini akasisitiza kwamba maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, au maumivu ya kifua, hayo si ya kuvumilia. Ni ya kuacha papo hapo na kutafuta msaada.

Blogu hii ni ya elimu ya uraia, nawe una haki ya kuuliza uraia umeingia wapi. Umeingia ukutani. Pale ukutani pamebandikwa kanuni za ukumbi: futa benchi baada ya kulitumia, rudisha chuma mahali pake, usikalie mashine ukisoma simu. Ni sheria chache, zinamhusu kila mmoja. Juma la tatu, yule kijana mwenye mikono minene kuliko wote alikuja akasimama karibu na benchi langu. Nilikuwa na dambeli mbili za kilo 5. Nilianza kuinuka nimpishe, kama mtu anayempisha mkubwa. Akaniuliza, "Umebakiza mara ngapi, mzee?" Nikasema, mizunguko miwili. Akaweka taulo begani akangoja, dakika nne nzima, mtu wa kilo 80 akimngoja mtu wa kilo 5. Nilipomaliza nilifuta benchi, akanishukuru.

Zamu, mwanafunzi wangu, ni neno dogo lenye uraia mwingi. Foleni ya zahanati, mstari wa kituo cha basi, sanduku la kura: kote huko nguvu za mtu huachwa mlangoni. Mwenye nguvu akingoja zamu ya mnyonge, hapo ndipo sheria ya ukutani inapokuwa sheria kweli.

Na nilipofika kwenye neno "kura" ndipo nilipolikumbuka deni langu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, mnyamavu, aliyekuwa akija jioni baada ya kazi. Unajua kwamba ndugu zetu wasemaji wa Kinyarwanda mara nyingi huchanganya sauti za l na r, si kwa uzembe bali kwa sababu lugha yao haizitenganishi kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Siku moja, kwa mara ya kwanza katika muhula mzima, aliinua mkono. Akasimama, akasema sentensi ndefu na nzuri: "Kila raia mwenye umri wa miaka kumi na minane ana haki ya kula."

Darasa lilicheka. Aliyeanza kucheka ni mimi. Tena nikaiandika sentensi ile ubaoni, nikapigia mstari neno "kula", nikauliza kwa mzaha kama wenye miaka kumi na saba wakae na njaa. Alitabasamu, akaketi. Alikuja mara mbili tena, akakaa nyuma, kisha hakuja. Nilijiambia kwamba kazi zimembana.

Nikiwa nimeshika mpini wa ufagio mbele ya vioo, nilifahamu kwamba kazi hazikumbana. Kama yule mkufunzi angecheka siku ile ya kwanza, mimi nisingerudi. Nami nilikuwa na sababu kubwa ya kurudi, sababu ya mkono uliokataa kikombe. Yeye sababu yake ilikuwa nini? Sikuwahi kumwuliza.

Nilimwandikia ujumbe. Nilisema kwamba nilikosea, kwamba sentensi yake, hata kama ilivyotamkwa, ilikuwa ya kweli, na kwamba kiti chake kipo. Siku tatu baadaye alinijibu kwa Kiswahili: "Nimekusoma, mwalimu. Nitafikiri." Sikumsahihisha chochote, hapakuwa na cha kusahihisha. Hadi leo ninapoandika hajarudi, nami sina haki ya kumharakisha.

Sasa ni mwezi wa tano. Presha yangu, nikiwa bado natumia vidonge, ilipimwa juzi ikawa 138 juu ya 86. Daktari amesema niendelee na vyote viwili, dawa na mazoezi, maana kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Nanyanyua kilo 20 kwa mgongo ulionyooka. Si nyingi. Kijana wa taulo hunyanyua zaidi ya hizo kwa mkono mmoja.

Kama nawe unapita mbele ya mlango kama ule, pokea haya machache. Pima afya kwanza, hasa kama umri umesogea au una ugonjwa. Chagua saa tulivu. Kwetu ni saa nne asubuhi, baada ya wafanyakazi kuondoka. Anza na uzito unaokufanya uone haya kwa wepesi wake. Na ukifika mapokezi, usifunge kamba za viatu kama mimi. Sema, "Samahani, mimi ni mgeni hapa. Nianzie wapi?" Katika sentensi zote nilizokufundisha, hiyo ndiyo niliyochelewa kuitumia mwenyewe.

Basi, zoezi la juma hili ndilo hilo. Nenda mahali ambapo wewe ni mgeni, iwe ukumbi wa mazoezi, maktaba, au mkutano wa kijiji, uiseme sentensi hiyo kwa sauti. Kisha niandikie sentensi kumi kueleza yaliyotokea. Nitazisoma zote, nami nitasahihisha kosa moja tu.

Wako katika kujifunza,
Mwalimu