Usiku wa Kusasisha Baiosi

Kompyuta ya chumba chetu ni Pentium 4, nzee kuliko wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza. Nilinunua diski ya mtumba ya GB 320, nikaichomeka, ikasomeka GB 137 tu. Mwenzangu akasema nimeuziwa feki.

Wala. Baiosi nyingi za zamani huhesabu vipande vya diski kwa biti 28: vipande 268,435,456, kila kimoja baiti 512. Zidisha mwenyewe utaipata hiyo 137. Za baadaye zikahamia biti 48.

Dawa ni kusasisha baiosi, na hapo ndipo roho inaruka. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa kabisa, na watu wanne tunaandikia tafiti zetu humo. Nikahakiki namba ya mazabodi mara tatu. Nikaazima UPS kwa jirani (kwa sharti la kumfulia mashuka!), nikangoja saa nane usiku, pasi na hita zikiwa zimelala. Chumba kikawa kimya kama cha mtihani.

Asilimia mia. Ikajizima, ikawaka: GB 320. Aliyesema feki ndiye wa kwanza kujaza muvi zake.