Mkishakula Walima, Itembeeni Kilosa Hadi Mikumi

Ramadhani inapokwisha na Mfungo Mosi ukaandama, nyumba nyingi za Waislamu huanza kupanga ndoa. Kwetu Kilosa ni hivyo hivyo, na mwaka huu, inshaallah, sisi ndio tunaooza. Binti yetu anaolewa Unguja. Wakwe zetu ni watu wa adabu, na mzee wao mmoja alituuliza, kwa nia njema kabisa, kama ipo haja ya kulala siku mbili katika mji usio na cha kutazama. Tukamwomba walale tatu.

Hatukusema hayo kwa kutaka fahari. Siku hizi mgeni wa harusi hufika alasiri, akala pilau, akapigwa picha, na usiku huohuo basi likaondoka. Kesho yake bibi harusi yuko ukweni, miongoni mwa watu wasiojua alikokulia. Ndoa haikosi neno, na neno linapozidi, Qur'ani inatuelekeza tuteue msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Wazee hao wataaminiana vipi, ikiwa wamewahi kukutana mara moja tu, kwenye sinia la walima? Kwa hiyo siku ya matembezi tunaihesabu kuwa ni sehemu ya shughuli yenyewe.

Wanaokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam wapite Morogoro hadi Dumila, kisha waikamate njia ya Kilosa. Wazee wasioiweza safari ya basi wana treni ya mwendokasi, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 na ambayo hupita katika mahandaki ya milima ya wilaya yetu.

Katika njia ya Dumila, wageni wetu wasimame Msowero, hata kwa nusu saa. Hapa ndipo penye habari ya Mangungo, ambayo kila mtoto wa Tanzania huisoma shuleni. Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alimtilisha Mangungo saini katika karatasi iliyoitoa nchi yake kwa chama cha wakoloni wa Kijerumani, kwa lugha asiyoijua. Februari 1885 Kaisari akaitia nguvu mikataba ya namna hiyo. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipinga, na Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikaelekezwa bandarini kwake. Basi habari ya Msowero ni ya kwetu na ni ya Unguja pia. Kwa watu wanaotoka kufungisha nikahi, yafaa itafakariwe. Nikahi nayo ni mkataba: ina ijabu na kabuli, mashahidi wawili, na mahari yanayojulikana. Vijana wetu waione tofauti ya ahadi iliyotolewa kwa ridhaa na kufahamiana, na ile ambayo upande mmoja haukuelewa unachokubali.

Kilosa mjini, asubuhi ya baada ya walima, watembee hadi kituo cha reli ya zamani, kisha mtoni Mkondoa. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914. Kabla yake, bonde hilihili lilikuwa njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Walipita wapagazi na pembe za ndovu, walipita watu waliofungwa minyororo, na walipita pia Waislamu walioswali na kufundisha njiani. Mto huo una mtihani wake: mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 ulifurika, ukabomoa nyumba na kuikata reli, na maelfu ya watu wakakaa katika mahema. Mgeni akitaka kuwajua watu wa Kilosa, na awaulize wazee habari za mafuriko hayo. Na asisahau kumsalimia mjomba wa bibi harusi. Wasagara na Wakaguru hufuata ukoo kwa upande wa mama. Walii ni baba kwa mujibu wa sheria, lakini mjomba asiposalimiwa hujihisi hakualikwa.

Siku ya tatu ni ya Mikumi. Njia hupita Ulaya, kijiji cha wilaya yetu kinachoitwa hivyo hasa. Wako wanaokopa fedha ili wasikike wamekwenda fungate Ulaya. Kwetu inafikiwa bila ya pasi. Wakati wa masika ulizeni kwanza hali ya barabara.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na jina lake limetokana na miti ya mikumi. Ingieni mapema baada ya Alfajiri, wakati twiga, nyati, pundamilia na tembo wapo wazi katika mbuga ya Mkata, na viboko wamo bwawani. Raia hulipa kiingilio chepesi kuliko wageni wa nje, basi kila mtu achukue kitambulisho. Hairuhusiwi kushuka garini ila palipotengwa, kwa hiyo wapangieni wazee na watoto mapema haja zao, maji ya udhu na mahali pa kuswali. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Nyani wasitupiwe chakula. Na barabara kuu ya Iringa, inayokatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50, si mahali pa madereva wa harusi kushindana. Wanyama hugongwa hapo, na roho za watu ni amana.

Gharama ipo, hatukatai. Sisi tumepunguza mapambo ya ukumbi na muziki tukakodi basi dogo la pili, ili kina mama na mabinti wakae kwa stara na bibi wa pande zote mbili wapate viti. Mapambo hung'olewa usiku uleule. Bibi wawili waliokaa kiti kimoja kutwa nzima, wakaonyeshana tembo na kugawana maandazi, hawataoneana haya kupigiana simu siku wajukuu wao watakapokosana.

Allah awajaalie maharusi wetu mapenzi na huruma, na awatie baraka wote watakaosafiri kwa ajili yao. Amin.